Gundi za upasuaji: nguvu ya kunata si kipimo cha kumpa mgonjwa matumaini

Mwezi Agosti 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Hokkaido, Japani, walitangaza katika jarida la Nature kwamba wameunda haidrojeli, yaani jeli ambayo sehemu yake kubwa ni maji yaliyoshikiliwa ndani ya wavu wa polima (molekuli ndefu kama minyororo), inayonata chini ya maji kwa nguvu inayozidi megapaskali 1. Walikusanya taarifa za zaidi ya protini 24,000 za viumbe wanaonata, wakatengeneza jeli 180 kwa kufuata mifumo waliyoiona katika protini hizo, kisha wakaitumia akili mnemba kutafuta michanganyiko bora zaidi. Ili kuonyesha matokeo walimbandika bata wa mpira kwenye mwamba wa ufukweni, na bata huyo akabaki pale pale huku mawimbi yakimpiga. Picha hiyo ilisambaa upesi, na ilivyozidi kusambaa ndivyo habari yenyewe ilivyozidi kusimuliwa kama habari ya tiba: kwamba enzi ya sindano na uzi imefika ukingoni, na kwamba jeraha lolote litafungwa kwa kupakwa jeli inayovutika, inayonata na kujiunga yenyewe ikikatika.

Naamini habari hii inasomwa vibaya, na makosa hayo yana gharama. Megapaskali 1 ni sawa na kubeba takriban kilo 10 kwa kila sentimita moja ya mraba. Kwa bomba linalovuja hiyo ni sifa kubwa. Kwa ini la binadamu haina maana tunayoipa, kwa sababu nyama ya ndani ya ini huchanika kwa nguvu ndogo mno kuliko hiyo, na gundi iliyo imara kuliko kitu inachokishikilia humwachia daktari mpasuko mpya pembeni mwa ule wa zamani. Thamani ya jeli hizi kwa mgonjwa ipo kwingine: katika jinsi zinavyofuata mwendo wa kiungo bila kukivuta, zinavyokaa siku ya pili na ya kumi, zinavyoondoka kazi ikiisha, na, kwa hospitali zetu, katika hali zinayofika nayo mezani baada ya kusafirishwa na kuhifadhiwa kwenye joto na unyevu. Hayo ndiyo yanayostahili kuulizwa kabla ya mtu kuuliza inanata kwa nguvu gani.

Haidrojeli zenyewe si kitu kigeni. Mwaka 1960 Otto Wichterle na Drahoslav Lím wa Chekoslovakia walipendekeza zitumike mwilini, na lenzi laini za macho zinazovaliwa leo na mamilioni ya watu zimetokana na kazi hiyo. Udhaifu wake ulikuwa kwamba zinakatika ovyo. Jeli ya aljineti, dutu inayotolewa kwenye mwani wa kahawia, hupasuka ukiivuta hadi mara 1.2 tu ya urefu wake. Mwaka 2003 Jian Ping Gong, wa Hokkaido hiyo hiyo, alionyesha kwamba ukiingiza wavu mmoja wa polima ndani ya mwingine, mmoja mgumu na mwingine mlegevu, unapata jeli ngumu kuharibika kuliko kila mmoja ukiwa peke yake. Kisha mwaka 2012 Jeong-Yun Sun, Zhigang Suo, David Mooney na wenzao wa Chuo Kikuu cha Harvard waliunganisha aljineti na poliakrilamaidi, polima ya kutengenezwa, wakapata jeli yenye maji takriban asilimia 90 inayovutika zaidi ya mara 20 ya urefu wake. Nishati inayohitajika kuipasua ilipanda hadi karibu jouli 9,000 kwa mita ya mraba, wakati jeli za kawaida zilikuwa kwenye jouli 10 hivi, na gegedu ya mwili kwenye 1,000.

Namna hilo lilivyowezekana ndiyo inayoeleza karibu kila kitu kilichofuata. Minyororo ya aljineti hushikamana kwa njia ya kalsiamu, na vifungo hivyo ni dhaifu kwa makusudi. Jeli ikivutwa, vifungo vya kalsiamu hufunguka kimoja baada ya kingine kama zipu, na kila kinapofunguka kinameza sehemu ya nishati ambayo ingetumika kuendeleza ufa, huku minyororo mirefu ya poliakrilamaidi ikiizuia jeli isisambaratike. Mvuto ukiisha na jeli ikapewa muda, sehemu ya vifungo vile hujifunga tena. Kwa hiyo kuvutika na kujiunga upya vinatoka kwenye shina moja, yaani vifungo vinavyokubali kuvunjika mapema ili muundo mzima usivunjike, na vyenye uwezo wa kurudi. Gundi nayo inafaidika kwa njia hiyo hiyo. Anayetaka kuibandua hatoi tu nishati ya kuvunja vifungo vilivyo kwenye uso wa tishu. Analazimika pia kulipia nishati ya kuukunja na kuuvuta mwili mzima wa jeli ulio nyuma ya uso huo. Ndiyo maana jeli laini, ukiibonyeza kidole kinazama, inaweza kung'ang'ania kuliko gundi iliyokauka ikawa ngumu kama kioo.

Mwaka 2017 Jianyu Li na wenzake wa Harvard walilitumia wazo hilo moja kwa moja. Walijifunza kwa koa, yule konokono asiye na gamba, ambaye akitishwa hutoa ute unaomgandisha mahali alipo, wakatengeneza gundi yenye sehemu mbili: tabaka la polima zenye chaji chanya, kitosani ikiwa mojawapo, linaloshika tishu, na jeli ngumu ya aljineti inayomeza mvuto. Ilishika kwenye moyo wa nguruwe uliopakwa damu, jambo ambalo gundi nyingi hushindwa. Miaka miwili baadaye Hyunwoo Yuk na Xuanhe Zhao wa chuo cha MIT walikuja na utepe mkavu unaonata pande zote mbili. Ukibonyezwa kidogo kwenye tishu iliyolowa, hunyonya maji yaliyo katikati, hushika ndani ya sekunde 5, kisha huimarisha mshiko wake kwa vifungo vya kudumu na protini za tishu. Kwa maoni yangu, utepe huo ulikuwa hatua kubwa kuliko bata wa Hokkaido, kwa kuwa ulijibu swali ambalo madaktari walikuwa wakiliuliza hasa: maji na damu vilivyo kati ya gundi na tishu vitaenda wapi?

Sasa niligeukie suala la kujiunga upya, kwa sababu hapa ndipo matumaini yanapozidi ushahidi. Jeli inayojiunga upya inaunga mipasuko yake yenyewe. Haimrudishii mgonjwa ngozi wala haifungi mshipa. Faida yake ni ya kweli, ila ni ya kiufundi: kipande kilichobandikwa juu ya moyo huvutwa takriban mara 100,000 kwa siku, na nyufa ndogo zikianza, jeli isiyojiunga itakatika siku fulani bila dalili. Lakini sifa hii ina bei. Vifungo vinavyofunguka na kujifunga haraka, kama vile vya hidrojeni au vile kati ya makundi ya kemikali yaitwayo aldehaidi na amini, ndivyo pia vinavyoiruhusu jeli kutiririka polepole inapobebeshwa mzigo kwa muda mrefu, hadi gundi iliyopimwa vizuri kwa dakika 5 ikawa imesogea kutoka mahali pake baada ya siku 5. Mwaka 2025 timu ya Chuo Kikuu cha Aalto, Ufini, na Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani, ilipunguza mvutano huo kwa kupanga vipande vyembamba mno vya udongo wa mfinyanzi ndani ya jeli, na kuzisokota polima kati ya tabaka hizo. Jeli yao ni ngumu na bado hujiunga, ikirudisha asilimia 80 hadi 90 ya uimara ndani ya saa 4, na kwa kawaida kupona kabisa ndani ya saa 24. Ni kazi nzuri sana. Hata hivyo, saa 4 ni muda ambao mgonjwa mwenye ini lililopasuka hana.

Historia ya gundi zilizokwisha kuingia kwenye vyumba vya upasuaji inatosha kutuonyesha mahali pa kutazama. Sianoakrileti, ndugu wa ile supa gluu ya dukani, ilitumika kama dawa ya kupuliza kuzuia damu katika vita vya Vietnam, na aina iliyoboreshwa kwa ajili ya ngozi ilipata kibali cha Marekani mwaka 1998. Inashika kwa nguvu sana, lakini ikikauka ni ngumu na haifuati mwendo wa tishu, na ndiyo maana imebaki zaidi juu ya ngozi. Gundi ya fibrini, inayoiga kuganda kwa damu, inapatana na mwili kuliko zote, ila hushika kwa udhaifu. Tena hutengenezwa kutokana na damu ya watu, na Marekani iliondoa kibali cha fibrinojeni ya damu iliyochanganywa mwaka 1978 kwa hofu ya homa ya ini. Gundi ya albumini, protini ya damu, na kemikali ya glutaraldehaidi hushika mishipa mikubwa vizuri, lakini glutaraldehaidi ni sumu kwa seli. Jeli za polietilini glaikoli, zinazotumika kuziba utando wa ubongo na uti wa mgongo, huvimba zikinyonya maji, na watengenezaji wenyewe huwaonya madaktari wasiziweke palipo na nafasi finyu, kwa sababu uvimbe huo unaweza kuukandamiza mshipa wa fahamu. Ukiziangalia zote hizi, ni fibrini peke yake iliyokwama kwa sababu ya kunata kidogo. Nyingine zilikwama kwa ugumu, kwa sumu na kwa kuvimba, mambo ambayo hayaonekani kwenye picha ya kitu kilichobandikwa jabalini.

Wanaozitetea gundi hizi kwa ajili ya nchi kama zetu wana hoja nzito. Tume ya jarida la Lancet kuhusu upasuaji duniani ilikadiria mwaka 2015 kwamba watu bilioni 5 hawapati huduma salama ya upasuaji na usingizi kwa wakati na kwa bei wanayoimudu, na kwamba nchi za kipato cha chini na cha kati zinahitaji upasuaji milioni 143 zaidi kila mwaka. Mahali palipo na daktari bingwa mmoja kwa wilaya kadhaa, kifaa chochote kinachofupisha upasuaji na kupunguza damu inayomwagika kinaokoa maisha. Hoja hiyo naikubali. Nisichokubali ni tafsiri yake dhaifu, ambayo ndiyo inayopendwa zaidi: kwamba jeli itachukua nafasi ya kushona, hivyo hata mhudumu asiye na mafunzo ataweza kufunga majeraha, na uhaba wa wapasuaji utakuwa umetatuliwa. Anayesema hivyo hajamtazama kwa karibu mtu aliyeanguka na bodaboda kwenye barabara ya changarawe. Goti limefunuka, mchanga umezama chini ya ngozi, kipande cha kitambaa cha suruali kimeingia ndani, na kingo za jeraha zimekufa. Kazi hapo ni kuosha kwa maji mengi, kutoa kila punje, kukata nyama iliyokufa, na mara nyingi kuliacha jeraha wazi siku kadhaa kabla ya kulifunga. Sindano na uzi vipo na bei yake ni ndogo. Kinachokosekana ni muda, mikono yenye ujuzi, dawa za usingizi na maji safi. Jeli yenye nguvu ikiwekwa juu ya jeraha hilo na mtu asiyejua, itawafungia vimelea ndani, na kadiri itakavyokuwa bora katika kunata ndivyo usaha utakavyokosa njia ya kutokea. Kufunga jeraha si sehemu ngumu ya kutibu jeraha.

Upande wa pili wapo wanaosema kwamba huu ni utafiti wa matajiri, na kwamba hospitali inayoishiwa glovu haina sababu ya kujishughulisha na jeli zilizobuniwa kwa akili mnemba. Hoja hii ina uzito kuliko ile ya kwanza, kwa kuwa fedha za vifaa tiba ni kidogo kweli na kila ununuzi unaondoa ununuzi mwingine. Inapokosea ni pale inapochukulia kwamba tatizo ambalo jeli inalitatua halipo kwetu. Mpasuaji anayeshona ini lililopasuka hupitisha uzi kwenye nyama laini mno, na akikaza fundo, uzi wenyewe hukata nyama hiyo na kufungua mahali pengine pa kutoka damu. Ndipo hulazimika kulijaza tumbo vitambaa, kulifunga kwa muda na kumrudisha mgonjwa chumba cha upasuaji siku moja au mbili baadaye. Pafu lililotobolewa na ubavu uliovunjika huendelea kuvuja hewa, mgonjwa akabaki na mpira wa kutolea hewa kifuani. Utumbo ulioungwa huweza kuachia kwenye mshono siku kadhaa baadaye, na kinyesi kikamwagika tumboni mwa mtu aliyekwisha kuanza kunywa uji. Ajali za barabarani, ambazo Shirika la Afya Duniani linazihesabu kuwa chanzo cha vifo takriban milioni 1.19 kwa mwaka duniani, hutuletea majeraha kama hayo ya ini na mapafu. Katika hali hizo gundi laini inayovutika haishindani na uzi. Inafanya kazi ambayo uzi hauwezi kuifanya, kwa kuushika uso mzima badala ya kuning'iniza mvuto wote kwenye matundu machache.

Vivyo hivyo kwa majeraha ya moto, yanayoua takriban watu 180,000 kila mwaka, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Yeyote aliyepita wodi ya watoto walioungua anajua saa ya kubadilisha bandeji. Shashi imekauka juu ya kidonda, muuguzi anailowesha kwa maji ya chumvi, anasubiri, anaanza kuibandua kutoka pembeni, na pamoja nayo inatoka ngozi changa iliyokuwa imeanza kuota, huku mtoto akilia kabla hata hajaguswa kwa sababu anaikumbuka ya jana. Kwa mtoto huyo sifa kuu ya gundi ni jinsi inavyoachia. Mwaka 2020 kundi la MIT lilionyesha utepe unaobanduka kwa kumiminiwa mchanganyiko wa baikaboneti ya sodiamu na glutathioni, bila kuichana tishu iliyo chini. Sijaona picha ya utepe huo ikisambaa kama ilivyosambaa ya bata, ingawa kwa mgonjwa ndiyo habari kubwa zaidi.

Kutokana na hayo, yapo mambo ambayo wanaotoa vibali na wanaonunua, iwe ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba na Bohari ya Dawa kwa Tanzania, au Bodi ya Dawa na Sumu kwa Kenya, wanapaswa kuyadai siku bidhaa za aina hii zitakapoletwa mezani. Kwanza, kipimo chenyewe kifanywe kwa namna inayofanana na mwili. Kuivuta gundi wima kutoka kwenye kioo ni kitu kimoja. Kuibandua kutoka pembeni ya tishu iliyolowa damu, baada ya kuvutwa maelfu ya mara, ni kitu kingine kabisa, na namba za majaribio hayo mawili haziwezi kulinganishwa hata zikiandikwa kwenye jedwali moja. Pili, uvimbe na muda wa kuyeyuka vielezwe kwa siku na kwa asilimia, ndani ya mnyama aliye hai. Tatu, ieleweke upande wa nje wa jeli unafanya nini, kwa maana jeli inayonata pande zote itakishika pia kiungo jirani, na utumbo ulioshikamana na ukuta wa tumbo ni ugonjwa mpya ambao mgonjwa hakuja nao.

Jambo la nne ndilo ninaloliona linasahauliwa kuliko yote, nalo ni hifadhi. Aina moja ya gundi ya fibrini inayouzwa tayari kwa matumizi hutunzwa ikiwa imegandishwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na hilo peke yake linaiondoa katika hospitali nyingi za wilaya ambako umeme hukatika. Jeli yenye maji asilimia 90 hukauka pakiti ikitoboka. Utepe mkavu una tatizo la kinyume: kemia inayoufanya ushike tishu ndani ya sekunde chache huharibiwa na maji, na hewa ya Tanga, Mombasa au Unguja wakati wa masika ina maji ya kutosha kuanza kazi hiyo mara tu kifungashio kinapolegea. Hata kuziua bakteria kabla ya kufungasha si jambo jepesi, kwa kuwa joto la mvuke linalotosha kwa mikasi na koleo huweza kuharibu wavu wa polima, na mionzi ya gama huweza kuikata minyororo yake. Mtengenezaji atakayeleta ushahidi kwamba bidhaa yake ilikaa mwaka mzima kwenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75 ikabaki na sifa zake, huyo ana kitu cha kutuuzia hata kama gundi yake ina nusu ya nguvu ya mshindani wake. Na majaribio kwa binadamu yafanyike pia hapa, kwenye hospitali zenye wagonjwa wa ajali na moto, badala ya kusubiri matokeo ya vyumba vya upasuaji vyenye viyoyozi.

Limebaki suala la mwani, ambalo hujitokeza kila zinapotajwa jeli hizi, kwa sababu Zanzibar imelima mwani kibiashara tangu mwaka 1989 na wakulima wengi ni wanawake wanaouza mzigo mkavu kwa bei ndogo. Ningependa sana kuamini kwamba gundi ya upasuaji inaweza kutoka Paje au Jambiani. Lakini aljineti ya Harvard hutolewa kwenye mwani wa kahawia, hasa wa bahari baridi, wakati spinosamu na kotonii wanaolimwa Unguja na Pemba ni mwani mwekundu unaotoa karagenani, dutu nyingine inayoganda kuwa jeli. Kemia yake inavutia: karagenani ya spinosamu hugandishwa na kalsiamu, ioni ile ile inayofanya kazi ya zipu ndani ya aljineti, na spinosamu ndiyo inayolimwa zaidi tangu kotonii ianze kufa kwa joto la bahari. Tatizo ni kwamba maabara duniani kote huchoma sindano ya karagenani kwenye unyayo wa panya kwa lengo la kuuvimbisha, ili kupima dawa za kutuliza uvimbe. Kabla ya kuzungumzia viwanda, wakemia wetu wa Dar es Salaam na Zanzibar wana swali wanaloweza kulishughulikia kwa vifaa visivyo ghali: karagenani ya spinosamu iliyosafishwa na kuondolewa sumu za bakteria, ikifungwa ndani ya wavu wa pili na kukaa wiki nzima kwenye maji ya chumvi ya nyuzi 37, huvimba kwa kiasi gani, na ni kiasi gani cha karagenani hiyo hutoroka kuingia kwenye maji?